Wasomaji Wanauliza: Samaki wa Bahari Anayeruka, Umeme Unaokatika na Jiwe la Malakiti

Barua za safari hii zimetoka Goma, Bukavu na Lubumbashi. Miji yote mitatu iko mbali na bahari na juu ya mita 1,200, kwa hiyo anayefuga samaki wa bahari huku hana pa kuchota maji. Chumvi, kalsiamu, joto na hewa ni lazima avitengeneze mwenyewe, kisha avipime kwa kifaa. Maji yanaweza kung'aa kama kioo huku amonia iliyomo inachoma matamvua ya samaki.

*Jambo wandugu wa gazeti. Nina tangi la lita 200 lisilo na kifuniko. Mwezi huu nimepoteza samaki watatu. Wawili walikuwa wale wembamba, weupe mbele na wekundu nyuma, muuzaji aliwaita Nemateleotris. Asubuhi nawaokota sakafuni wamekauka. Maji nimeyapima, hayana shida. Niweke kioo juu? Jirani ananiambia nitandike chandarua tulichopewa kituo cha afya. Aksanti. Mama wa Himbi, Goma.*

Mama, tunaanza na chandarua: usikitumie. Vyandarua vinavyogawiwa kwa ajili ya malaria vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, kama permethrini au deltamethrini. Mtu akilala chini yake hadhuriki, lakini samaki na kamba hufa kwa kiasi kidogo mno cha dawa hiyo. Maji yanayorukaruka juu ya tangi yatakilowesha, na kila tone litakalodondoka litarudi na sumu. Kwa sababu hiyo hiyo, chumba chenye tangi kisipuliziwe dawa ya mbu. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma moja kwa moja majini.

Nemateleotris anajulikana kwa kuruka. Baharini hukaa karibu na tundu lake kwenye mwamba, na juu yake kuna mita nyingi za maji. Akishtuka hujirusha mara moja bila kuangalia aendako. Kwako juu yake kuna sentimita 40 tu, kisha sakafu. Wengine wenye tabia hii ni samaki wengi wa jamii ya Halichoeres, wachimba mashimo wa jamii ya Opistognathus na samaki wa jamii ya gobi. Mkunga yeye haruki. Hutambaa, na hupita kwenye upenyo wowote unaotosha kichwa chake.

Kinachomshtua ni nini? Kwa Goma tunalaumu taa kwanza. Umeme ukikatika saa 2 usiku, tangi linatoka kwenye mwanga mkali na kuingia gizani kwa sekunde moja. Jenereta ikiwashwa dakika kumi baadaye, mwanga unarudi ghafla vilevile. Mara zote mbili samaki aliyekuwa ametulia anakimbia asikokujua. Weka taa ndogo ya LED ya wati 1 inayotumia betri, ikae karibu na tangi na iwake usiku kucha. Asubuhi washa taa ya chumba kwanza, subiri dakika 20 au 30, ndipo uwashe ya tangi. Jioni fanya kinyume chake. Taa ya tangi isiunganishwe na jenereta, kwa sababu samaki hawapungukiwi na kitu wakikaa gizani usiku mmoja.

Sababu ya pili ni ugomvi. Samaki mgeni hufukuzwa siku za kwanza, na akikosa pa kujificha hukimbilia juu. Kila mmoja awe na tundu lake kwenye mawe kabla hujamtia majini. Ya tatu ni maji yenyewe: amonia ikipanda au hewa ikipungua, hata samaki mtulivu huruka.

Kioo hatukipendelei. Kinazuia kuruka, ndiyo, lakini kinabana hewa na joto, na kwa mwinuko wa Goma hewa majini tayari ni chache (tunalieleza hilo hapo chini, kwenye barua ya Dada wa Ibanda, Bukavu). Kinachofaa ni fremu ya wavu. Nenda kwa fundi wa madirisha ya alumini, umwombe vipande vya fremu ile nyepesi ya wavu wa mbu, kona nne za plastiki na mpira wa kubania. Pima ukingo wa ndani wa tangi na upunguze milimita 2 kila upande ili fremu isikwame. Wavu uwe wa nailoni au plastiki, na matundu yasizidi milimita 6. Kwa gobi wadogo tafuta wa milimita 3. Kipande kipya cha wavu wa sambaza (dagaa wa ziwa Kivu) kinafaa ikiwa matundu yake ni madogo kiasi hicho, lakini kile kilichokwisha kuvulia kinabeba mafuta ya mtumbwi na uchafu. Waya wa chuma au wa mabati usikaribie kabisa, chumvi itaula na zinki itadondoka majini.

Mahali pa kuharibikia kazi ni kwenye kona zinakopita nyaya na mipira. Watu hukata tundu la upana wa kiganja kisha hushangaa samaki alitokea wapi. Kata kila tundu kwa kipimo cha waya wake, na upenyo unaobaki usizidi milimita 5. Osha wavu kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki. Chumvi ikiganda juu yake hupunguza mwanga, na pia hudondoka kwa vipande vinavyoweza kuchoma matumbawe.

Ukimkuta sakafuni, usimhesabu kuwa amekufa kabla hujaangalia kifuniko cha matamvua. Lowesha mikono kwa maji ya tangi, mwinue kwa viganja viwili na umweke kwenye chombo chenye maji ya tangi lile lile, mbele ya mapovu ya hewa. Vumbi usilisugue. Ute ulio juu ya ngozi yake ndio kinga yake, na kitambaa kikavu kinaung'oa. Akianza kuhema, mwache gizani mpaka asimame sawa. Siku zitakazofuata mchunguze mapezi na macho, maana palipochubuka ndipo bakteria huingilia.

*Je, sambaza wa ziwani wanaweza kuwa chakula cha samaki wa bahari? Hapa ni rahisi na hawakosekani. Kijana wa Kadutu, Bukavu.*

Mara moja moja, kipande kibichi kilichooshwa, si kibaya. Usiwafanye chakula cha kila siku. Samaki wa maji baridi hana mafuta yote ambayo samaki wa bahari anayahitaji, na samaki wengi wa jamii ya dagaa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Wale waliokaushwa kwa chumvi waache kabisa. Nunua kamba au ngisi wa baharini walioganda, wasiotiwa viungo, uwakate vipande visivyozidi ukubwa wa jicho la samaki, na usuuze kabla ya kulisha. Samaki aina ya kangaja na tafi wanahitaji mwani. Ule mkavu unaouzwa kwa kufungia wali wafaa, mradi haukukaangwa wala kutiwa chumvi. Lisha mara mbili kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika 2. Kama umeme ulikatika mpaka friji ikayeyuka, chakula hicho usikigandishe tena, kitupe.

*Natengeneza maji ya bahari kwa maji ya ziwa Kivu yanayoletwa kwa bidoni, nikiongeza chumvi ya akwariamu. Kila mara yanageuka meupe, na hita inashika ukoko mgumu. Majira ya mvua nakinga maji ya paa, lakini huko nako konokono wanakufa. Kosa liko wapi? Msomaji wa Katindo, Goma.*

Chumvi yako haina kosa. Maji ya Kivu si maji matupu. Yana pH karibu na 9 na yamebeba takriban gramu 1 ya madini kwa lita, hasa bikaboneti, sodiamu na magnesi, huku kalsiamu ikiwa kidogo sana. Bikaboneti yake ni mara kadhaa ya ile ya baharini. Chumvi ya akwariamu inaleta kalsiamu ya kutosha kufikia miligramu 400 hivi kwa lita. Kalsiamu hiyo inakutana na bikaboneti iliyozidi na kugeuka chokaa. Weupe unaouona ndio chokaa hiyo, na ukoko wa hita ni hiyo hiyo, kwa kuwa chokaa hushika kwanza penye joto. Unachokuwa nacho mwishoni ni maji yenye chumvi, ila kalsiamu imeyatoka.

Maji ya mvua nayo, kwa Goma, tunayakataa waziwazi. Moshi wa Nyiragongo unatia asidi na floridi kwenye mvua, na mvua yenye asidi ikipita juu ya mabati inang'oa zinki. Samaki anaweza kustahimili kwa muda, lakini konokono, kamba na matumbawe hawawezi.

Njia iliyobaki ni chujio la osmosi, linalosukuma maji kupitia utando unaozuia madini, lenye resini (punje za kunasa madini yanayobaki) mwishoni. Likifanya kazi sawasawa, kipimo cha madini yaliyoyeyuka kinasoma 0. Likianza kusoma 2 au 3, badilisha resini. Shida ya kwetu ni msukumo. Chujio hilo linahitaji bar 3 hadi 4, na pipa lililo juu ya mnara wa mita 5 linatoa nusu bar tu, kwa hiyo maji yatatoka tone kwa tone na machafu. Nunua pampu ndogo ya kuongeza msukumo, ile ya volti 24, uiweke kabla ya chujio. Mbele kabisa panga chujio la mashapo, kisha la makaa. Makaa ndiyo yanayoondoa klorini, na klorini ikipita inaharibu utando. Maji yanayotupwa ni mengi, mara nyingi lita 3 kwa kila lita 1 safi, lakini yanaweza kufulia.

Kuchanganya: tia lita 20 za maji safi ndani ya bidoni la chakula lisilowahi kubeba mafuta wala sabuni. Washa pampu ndogo, pasha mpaka digrii 25, ndipo umimine gramu 700 za chumvi polepole. Daima ni chumvi kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya chumvi, tabaka la chini linakuwa kali mno na chokaa inaganda papo hapo. Kama mfuko ulifunguliwa zamani na chumvi imevuta unyevu, utahitaji kama gramu 760. Acha izunguke saa 24, kisha pima kwa refraktometa (kifaa cha kupima chumvi ya maji), ukitafuta 1.025 hadi 1.026, yaani karibu gramu 35 kwa kila elfu. Refraktometa yenyewe uihakiki kila mwezi kwa maji maalum ya gramu 35.

Wapo wanaouliza juu ya chumvi ya jikoni na ile ya Katwe ya Uganda. Ya jikoni ni klorayidi ya sodiamu na iodini kidogo, haina kalsiamu, magnesi wala bikaboneti ya kutosha. Ya Katwe ina kaboneti na sulfati nyingi. Hakuna hata moja itakayokupa maji ya bahari.

*Wapendwa, tangi langu ni la miezi minane. Samaki wanne wazima, wanakula vizuri. Lakini kamba wa kusafisha aliyekuja wiki jana amekufa ndani ya saa chache, na konokono wote wamelala chali. Jambo jipya ni moja tu: niliweka kipande kizuri cha malakiti, cha kilo moja hivi, katikati ya mawe. Baba wa Kampemba, Lubumbashi.*

Papa, kitoe hicho kipande leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Malakiti ni kaboneti ya shaba, na rangi yake ya kijani ndiyo shaba yenyewe. Majini inayeyuka kidogo kidogo, na inaharakisha pale pH inaposhuka usiku. Samaki huvumilia shaba kwa kiwango ambacho tayari kinaua kamba, konokono, anemoni na matumbawe, ndiyo maana wanne wako wanakula kama kawaida. Kifo cha viumbe wasio na uti wa mgongo peke yao, huku samaki wakiwa wazima, ni dalili ya shaba mpaka kipimo kikatae.

Nunua kipimo cha shaba kinachoweza kuonyesha hata miligramu 0.05 kwa lita. Wakati unakisubiri, badilisha theluthi moja ya maji, siku mbili baadaye theluthi nyingine, na uweke kwenye chujio makaa mapya pamoja na resini maalum ya kunasa shaba. Resini hizo hubadilika rangi zikishika, na hapo unaongeza nyingine.

Ugumu unakuja baadaye. Mawe na mchanga wa chokaa vinanyonya shaba, kisha vinaiachia tena wiki hadi wiki. Unaweza kupima 0 Jumatatu na kukuta imerudi Ijumaa. Kama baada ya mwezi mmoja bado inarudi, mchanga utolewe wote na uingie mwingine. Usirudishe kamba mpaka vipimo vinne, kimoja kila wiki, visome 0 mfululizo. Hata hapo anza na konokono mmoja.

Kagua pia njia ya maji. Kwa mji uliokaa juu ya ukanda wa shaba, tunashauri kila mtu apime maji ya kisima na ya bomba kabla ya kuyatumia, bila kusahau vipande vya shaba nyekundu na shaba nyeupe kwenye mabomba ya nyumba. Maji yaliyolala ndani ya bomba la shaba usiku kucha ndiyo mabaya zaidi. Chujio la osmosi lenye resini linaondoa shaba hiyo.

*Hapa Nguba umeme unaweza kukatika saa kumi mfululizo. Tangi langu ni la lita 150. Nimenunua betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 50, na inveta. Nikiunganisha kila kitu inaisha kabla ya saa mbili. Na juzi umeme uliporudi samaki wawili walikufa baada ya kurudi, si wakati wa giza. Sielewi. Dada wa Ibanda, Bukavu.*

Dada, hita ndiyo inayomaliza betri yako. Hesabu iko hivi: volti 12 mara Ah 50 ni wati-saa 600. Betri ya risasi na asidi usiishushe chini ya nusu, la sivyo itakufa ndani ya miezi michache. Zinabaki 300, na inveta inakula kama sehemu ya tano, kwa hiyo mkononi una 240. Hita ya wati 150 inazimaliza kwa saa moja na dakika 36. Ukibakiza pampu ya mzunguko ya wati 8 na ya hewa ya wati 4, jumla ni 12, na betri hiyo hiyo inakupa saa 20. Pampu ya hewa ya volti 12 inayoungwa moja kwa moja bila inveta ni bora zaidi.

Hewa ndiyo inayotangulia kuua, baridi iko nyuma sana. Maji ya bahari ya digrii 25, pwani, hushika oksijeni takriban miligramu 6.7 kwa lita. Kwa mwinuko wa ziwa Kivu, mita 1,460, kiasi hicho hushuka mpaka kama 5.7, na hiyo ni pale uso wa maji unapotikiswa vizuri. Pampu ikisimama kwenye tangi lililojaa samaki, wanaweza kuanza kuhema juu juu ndani ya saa chache. Ndiyo maana huku hatushauri kuiga idadi ya samaki inayoandikwa kwenye vitabu vya watu wa pwani. Punguza robo. Ukiwa huna betri, chota maji kwa jagi na uyamimine toka urefu wa sentimita 30, dakika 5 kila nusu saa. Usilishe wakati wa giza.

Kuhusu baridi, funika pande tatu na blanketi, ukiacha juu wazi. Samaki wa tropiki huvumilia kushuka polepole mpaka digrii 22 usiku mmoja. Chupa ya lita 1.5 iliyojaa maji ya digrii 70, imefungwa vizuri na kuelea tangini, inaongeza chini kidogo ya nusu digrii kwa lita zako 150. Zitie mbili, usizitie sita kwa mara moja.

Sasa wale wawili waliokufa umeme uliporudi. Tunashuku chujio la mkebe, lile lililofungwa linalosukumiwa maji ya tangi kwa pampu. Ndani yake wamo bakteria wanaokula amonia, nao wanahitaji hewa. Maji yakisimama ndani ya mkebe uliofungwa zaidi ya saa 2 au 3, oksijeni inaisha, bakteria hao wanaanza kufa na wale wasiohitaji hewa wanashika nafasi. Umeme unaporudi, pampu inasukuma tangini maji yenye harufu ya yai viza, yenye amonia na haidrojeni sulfidi. Kuanzia sasa, umeme ukikatika chomoa chujio hilo ukutani. Umeme ukirudi, lifungue, mwaga maji yaliyomo kwenye sinki, suuza sifongo kwa maji ya tangi (ya bomba yana klorini), ndipo uliwashe. Siku hiyo na kesho yake pima amonia.

Mengine mawili kwa ufupi. Subiri dakika 5 baada ya umeme kurudi kabla ya kuchomeka vifaa, au tumia stabilaiza yenye kuchelewesha, kwa sababu dakika za kwanza volti hucheza. Na kila waya ushuke chini ya soketi kisha upande, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Fundi akuwekee swichi inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko ya bomba, na mkono wako unaingia humo kila siku.

*Samaki wangu wa anemoni wawili wana vidoa vyeupe kama punje za chumvi. Walikuja kupitia Kigali wiki mbili zilizopita, niliwatia moja kwa moja tangini baada ya kuwadondoshea maji ya tangi mfukoni, tone kwa tone, kwa saa mbili. Natia vitunguu saumu kwenye chakula, vidoa vinapotea kisha vinarudi vingi zaidi. Mwanafunzi wa Keshero, Goma.*

Vinapotea kwa sababu kimelea kimeondoka kwenye ngozi kwenda kuzaana, si kwa sababu ya vitunguu. Hicho ni Cryptocaryon irritans. Hukaa kwenye samaki siku 3 hadi 7, hudondoka, hujifungia kwenye mchanga au jiwe, kisha hutoa wachanga wengi wanaotafuta samaki. Wengine hutoka baada ya siku 3, wengine baada ya wiki kadhaa. Tangi lako lote sasa limeambukizwa, kwa hiyo dawa ya kumwaga humo haitoshi na itaua wasio na uti wa mgongo.

Kwanza hakikisha si ugonjwa mwingine. Kama vidoa ni laini kama vumbi, vya rangi ya dhahabu ukimulika kwa tochi toka ubavuni, samaki anahema mbio, anakimbia mwanga na kuganda mbele ya pampu, huo ni Amyloodinium. Unaua ndani ya siku chache na unahitaji shaba kwenye tangi la pembeni. Shaba huru iwe miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, ipandishwe taratibu kwa siku 2 au 3, ipimwe kila siku na isishuke chini ya hapo kwa wiki mbili au zaidi. Tangi hilo lisiwe na mawe wala mchanga, sababu tumeitaja kwenye barua ya Lubumbashi.

Kwa vidoa vile vya kama punje za chumvi unaweza kuponya bila dawa, kwa kuwahamisha. Tafuta mabeseni mawili ya plastiki ya chakula, ya lita 40, kila moja na hita yake, jiwe la hewa na kipande cha bomba la plastiki cha kujificha. Siku ya 1 watie la kwanza. Siku ya 4, kabla saa 72 hazijatimia, wahamishie la pili lenye maji mapya ya joto na chumvi ile ile. Rudia siku ya 7, ya 10 na ya 13. Kila kimelea kilichodondoka kinabaki nyuma kabla wachanga wake hawajatoka. Beseni lililoachwa, pamoja na hita na bomba lake, lioshwe na kukaushwa kabisa juani. Jiwe la hewa litupwe, maana halikauki ndani. Utatumia maji lita 200, yaani chumvi kilo 7 mpaka 7.6, kwa hiyo inunue yote kabla hujaanza. Anayeishiwa chumvi siku ya 10 anarudi mwanzo.

Tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja kwa wiki 11. Kamba na konokono wabaki na walishwe kidogo, kimelea hiki hakiishi juu yao. Mabeseni yawe mita 3 au zaidi kutoka tangini, na wavu wa mkono usitumike pande zote mbili.

Kuhusu kule kudondosha maji saa mbili, usirudie. Ndani ya mfuko uliofungwa safari nzima, pumzi ya samaki inashusha pH, na amonia inabaki katika umbo lisilo kali. Ukifungua, kaboni dayoksidi inatoroka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu huku wewe unahesabu matone. Muulize muuzaji mapema chumvi ya maji yake. Wengi huweka 1.018 hadi 1.020. Tengeneza beseni la karantini kwa kipimo hicho hicho. Mfuko uelee umefungwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, ufungue, upime, na kama tofauti haizidi 0.002 mhamishe samaki mara moja kwa mkono au kikombe. Maji ya mfuko yamwage nje. Baada ya hapo pandisha chumvi kwa 0.001 hadi 0.002 kwa siku mpaka 1.025. Kila mgeni, hata akionekana mzima, apitie kuhamishwa huko kabla ya kuingia tangi kubwa.

*Lita 100 zinatosha samaki wangapi, na nianze na nani? Msomaji wa Katuba, Lubumbashi.*

Watatu: gobi mmoja, Nemateleotris mmoja (soma barua ya kwanza), na wa mwisho samaki wa anemoni mmoja. Kangaja na kitatange wakubwa waache, wanahitaji mara kadhaa ya ukubwa huo. Tangi likae kwanza wiki 4 hadi 6 bila samaki, ukitia amonia mpaka miligramu 2 kwa lita. Siku ambayo kiasi hicho kitaisha ndani ya saa 24, na nitriti pia ikasoma 0, badilisha nusu ya maji na umtie gobi. Subiri wiki 3 kabla ya kila anayefuata. Mpole aingie kwanza na mkali mwisho, kwa sababu samaki wa anemoni akitangulia atalichukua tangi lote kuwa lake na kumfukuza kila anayekuja baada yake.